Walisema ni Kiingereza: jinsi tulivyopata tathmini ya mwanangu katika shule ya Texas

Ninaandika haya kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili ambao watoto wao wanasoma katika shule za umma za Texas, kwa kuwa nimewasikia wengi, Houston kwetu na hata Dallas na Fort Worth, wakisimulia jambo lile lile: mtoto yuko darasa la pili au la tatu, hajui kusoma, na kila mzazi anapouliza hujibiwa kwamba mtoto bado anajifunza Kiingereza na apewe muda. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Kwa mwanangu halikuwa la kweli, na ilipita zaidi ya miaka miwili kabla shule haijakubali kumpima kama ana ulemavu wa kujifunza. Sheria nitazitaja pale tu zilipotufaa, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyenieleza mapema.

Tulihama kutoka Tanga mwanangu akiwa na miaka mitano na dada yake akiwa na minane. Siku ya kuwaandikisha nilipewa karatasi inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani, nikajaza Kiswahili. Karatasi hiyo huonekana ndogo, kumbe ndiyo inayoamua kama mtoto atapimwa Kiingereza na kuwekwa katika kundi la wanaojifunza lugha, na baadaye, akihitaji kupimwa kwa jambo jingine, ndiyo watakayoitazama ili kujua apimwe kwa lugha gani. Jirani yangu aliyetoka Fizi, Kivu Kusini, alijaza Kiswahili kwa kudhani kwamba ndiyo lugha ya Kiafrika ambayo Wamarekani wangeitambua, ilhali watoto wake huzungumza Kibembe wakiwa nyumbani. Ilipofika zamu ya mtoto wake kupimwa, aliletewa mkalimani wa lugha ambayo mtoto aliielewa nusunusu. Andikeni lugha ambayo mtoto anaizungumza kweli, na kama ni mbili, mwelezeni anayewaandikisha.

Binti yangu alipata shida ya mwaka mmoja hivi, kisha akaanza kusoma kama wenzake. Mdogo wake alianza vizuri kuliko dada yake, kwa maana ya kuzungumza: kabla darasa la awali halijaisha alikuwa anataniana na watoto wa Kimarekani kwa Kiingereza ambacho mimi sikukifuata. Kilichonitia wasiwasi ni herufi. Aliweza kuitambua herufi asubuhi na kuisahau jioni. Aligeuza b kuwa d, jambo ambalo watoto wengi wadogo hufanya, lakini yeye aliendelea nalo wenzake walipoacha. Hakuweza kuniambia neno «mama» linaanza na sauti gani, wala kutaja miezi kwa mfuatano hata baada ya kuirudia kila siku, na hapo alikuwa na miaka saba. Upande mwingine, mtoto huyo huyo akisimuliwa hadithi ya sungura na fisi mara moja, angeirudia yote kesho yake bila kuruka tukio hata moja, tena kwa mbwembwe zake mwenyewe.

Likizo ndefu ya baada ya darasa la kwanza niliamua kumfundisha kusoma Kiswahili. Sikuwa na nia ya kutafuta ushahidi. Nilidhani tu kwamba lugha yake mwenyewe ingemfungulia njia, kwa sababu Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa na mtoto akishajua silabi amekwishajua karibu kila kitu. Dada yangu alinitumia vitabu vya darasa la kwanza kutoka Tanga. Binti yangu alivimaliza ndani ya wiki chache na kuanza kunisomea ujumbe wa bibi yake kwenye simu. Mdogo wake aliimba ba be bi bo bu bila kukosea, lakini nilipoziba nyingine na kumwonyesha «bo» peke yake, alibahatisha. Kila jioni tulianza upya. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika tarehe, silabi tulizosoma, alizokumbuka na alizokosa, kwa sababu nilifikiri labda mimi ndiye nisiyejua kufundisha na nilitaka kuona ninakosea wapi. Daftari lile, lenye madoa ya chai, lilikuja kuwa na uzito kuliko maneno yote niliyoyasema shuleni.

Maneno niliyasema mengi. Nilimwambia mwalimu wa darasa la kwanza wakati wa kumchukua mtoto, nikamwambia wa darasa la pili kwenye kikao cha wazazi, nikamwambia mshauri wa shule. Wote walikuwa watu wema na wote walinipa jibu lile lile la muda. Walimweka katika kikundi cha watoto wachache waliosaidiwa kusoma, na kila baada ya wiki kadhaa nililetewa karatasi yenye mchoro wa mstari unaopanda kidogo sana. Nilipouliza kama angeweza kupimwa, niliambiwa si vyema kumpima mtoto ambaye hajakamilisha Kiingereza, kwa kuwa matokeo yatakuwa ya uongo.

Ndani ya jibu hilo mna ukweli mmoja ambao ni lazima mzazi auelewe, la sivyo atabishana na watu wasiokosea. Sheria ya shirikisho inayosimamia elimu ya watoto wenye ulemavu, inayojulikana kwa herufi IDEA, inakataza mtoto kutajwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ya kushindwa kwake ni kutojua Kiingereza vya kutosha au kutofundishwa ipasavyo kusoma na hesabu. Katazo hilo liliwekwa ili kuwalinda watoto wa wageni, kwa sababu zamani wengi wao walitupwa katika madarasa ya elimu maalumu bila sababu. Lakini sheria hiyo hiyo inaitaka wilaya ya elimu, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo, iwatafute na kuwapima watoto wote wanaoshukiwa kuwa na ulemavu, wanaojifunza Kiingereza wakiwemo, na inaagiza wapimwe kwa lugha yao pale inapowezekana. Hakuna mahali inaposema mtoto asubiri hadi amalize Kiingereza. Ulinzi ule ulikuwa umegeuzwa kuwa kizuizi, na sidhani walimu wetu walijua kwamba wamefanya hivyo.

Nyumbani nako hapakuwa shwari. Mume wangu aliona kwamba ninamtafutia mtoto kasoro. Mama mkwe, kutoka Tanga, alisema mtoto ni mzito kama mjomba wake na kwamba ataamka wakati wake ukifika, halafu akashauri asomewe dua. Wapo pia waliotuonya kwa nia njema tusimwandikishe mtoto katika vitabu vya serikali kama mlemavu, kwa sababu za uhamiaji. Hofu hii nimeikuta kwa familia nyingi na ninaielewa. Haki ya kila mtoto kusoma katika shule ya umma bila kujali hati za wazazi wake iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982, katika shauri la Plyler dhidi ya Doe, lililotokea Tyler, hapa hapa Texas. Kumbukumbu za elimu maalumu ni za siri, na mzazi aliyekubali mtoto apewe huduma anaweza baadaye kuiondoa ridhaa hiyo kwa maandishi.

Wakati sisi watu wazima tukivutana, mtoto alikuwa anabadilika. Kila Jumatatu tumbo lilimuuma. Alianza kuchana karatasi za kazi za nyumbani na kuzificha nyuma ya kochi. Siku moja nilimsikia akimwambia dada yake, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayetaja rangi ya shati, kwamba yeye ni mjinga na ndiyo maana haulizwi maswali darasani. Baada ya hapo mume wangu hakubishana tena.

Aliyenifungua macho hakuwa mtaalamu. Nilikuwa nafanya kazi za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na mwenzangu wa zamu, mama wa Kimeksiko mwenye watoto wakubwa, aliniuliza swali moja: «Umeandika?» Nikamwambia nimeshasema mara nyingi. Akacheka, kisha akanieleza historia ambayo sikuwahi kuisikia. Tangu mwaka 2004 idara ya elimu ya Texas ilikuwa na kigezo kilichotazama kama wilaya inawapa elimu maalumu zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi wake, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 13. Wilaya zikajifunza kuwachelewesha watoto, kuwaelekeza kwenye misaada mingine au kuwaambia wazazi wasubiri, hadi gazeti la Houston Chronicle lilipofichua jambo hilo mwaka 2016. Bunge la jimbo lilipiga marufuku kikomo hicho mwaka 2017, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikatangaza kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria. Mwanawe alikuwa mmoja wa waliopitwa na miaka hiyo. Kikomo kiliondoka, alisema, lakini mazoea ya kusema «tusubiri» hayaondoki kwa siku moja.

Jambo alilonifundisha ni hili: Texas, ombi la mdomo halianzishi hesabu ya siku. Mzazi akiomba tathmini kwa maandishi, akapeleka ombi hilo kwa mkuu wa shule au kwa mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya, shule ina siku 15 za masomo kumjibu, ama kwa kukubali na kumpa karatasi ya ridhaa, ama kwa kukataa na kumpa maelezo ya maandishi ya sababu za kukataa. Pamoja na jibu, hupewa kijitabu cha haki zake. Ombi la mdomo halina muda huo. Nilikuwa nimezungumza kwa miaka miwili na katika faili la mtoto hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba niliwahi kuuliza.

Barua yangu haikujaa ukurasa mmoja. Niliandika tarehe, jina kamili la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, darasa na shule, kisha nikaandika kwamba ninaomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya IDEA kwa sababu ninashuku ana ulemavu unaoathiri kusoma kwake, ikiwemo disleksia (ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake ambao hautokani na uhaba wa akili), na kwamba ninaomba apimwe katika maeneo yote yanayoshukiwa, yaani kusoma, lugha, usikivu, uoni na umakini. Aya ya pili ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kwa wazazi kama sisi. Nilieleza kwamba shida hiyo inaonekana katika Kiswahili, lugha yake ya kwanza, kwamba dada yake mwenye malezi yale yale alijifunza kusoma lugha zote mbili, na kwamba nina daftari la mazoezi yake ambalo niko tayari kulileta. Nikamalizia kwa kuomba mkalimani wa Kiswahili katika kila kikao na kusema kwamba ninasubiri jibu ndani ya siku 15 za masomo. Niliituma kwa baruapepe kwa mkuu wa shule na mkurugenzi wa elimu maalumu kwa pamoja, kisha nikapeleka nakala ya karatasi ofisini na kumwomba karani aigonge muhuri wa siku hiyo kwenye nakala yangu. Barua haihitaji maneno ya kisheria wala ya ukali. Ikihitajika, hata rafiki anayejua Kiingereza zaidi anaweza kuiandika, mradi wewe mzazi uisaini.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotarajia: niliitwa kwenye kikao. Hapo walinieleza kwamba wangependelea kwanza kukamilisha awamu nyingine ya kikundi cha kusoma, wakusanye takwimu, kisha waamue mwaka unaofuata. Wazazi wengi hukubali hapa kwa sababu pendekezo linasikika la busara, na kwa kweli msaada ule wa kikundi si mbaya na hauna budi kuendelea. Lakini tangu Januari 2011 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikwisha kuziandikia idara za elimu za majimbo kwamba misaada ya aina hiyo haiwezi kutumiwa kuchelewesha au kunyima tathmini. Msaada na tathmini vinaweza kwenda pamoja. Sikuinua sauti. Nilisema tu kwamba nimeelewa, na kwamba ikiwa uamuzi ni kutompima sasa, basi naomba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake na takwimu walizozitegemea. Kukawa kimya kidogo, mkuu wa shule akamtazama mtaalamu aliyekuwa kando yake, na kabla ya wiki kwisha nilipokea karatasi ya ridhaa.

Katika kikao hicho hicho walitaka binti yangu awe mkalimani, kwa kuwa mkalimani wa simu alikuwa hapatikani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikataa, na ninawaomba wazazi wote wakatae, hata kama Kiingereza cha mtoto ni kizuri kuliko cha mkalimani. Mtoto hapaswi kuketi mbele ya watu wazima na kutamka kwa kinywa chake kwamba mdogo wake ana kasoro, wala hatatafsiri yale anayohisi yatamuumiza mama yake. Kwa vikao vya mpango wa elimu maalumu sheria inaitaka shule ichukue hatua za kuhakikisha mzazi anaelewa yanayoendelea, ikiwemo kumpatia mkalimani. Tulisubiri nusu saa, simu ikapata mtu.

Ukishasaini ridhaa, Texas inaipa shule siku 45 za masomo kukamilisha tathmini na kuandika ripoti. Siku za masomo si siku za kalenda, kwa hiyo hesabu likizo. Mtoto akikosa shule siku tatu au zaidi ndani ya kipindi hicho, siku hizo huongezwa kwenye muda wa shule, jambo ambalo mzazi mwenye ratiba ya kumpeleka mtoto safari au kliniki anapaswa kulijua. Kubwa zaidi ni majira: kwa kuwa mwaka wa masomo huisha mwishoni mwa Mei, ombi linaloletwa Aprili linaweza kuvuka likizo na kumalizikia mwaka mwingine wa masomo. Sisi tulisaini Oktoba, na nadhani hilo lilitusaidia kuliko hoja yoyote.

Kabla ya vipimo nilipewa dodoso refu la Kiingereza kuhusu ujauzito, kuzaliwa, lini alitembea, lini alizungumza, na kama kuna mtu katika ukoo aliyepata shida ya kusoma. Niliomba tulijaze na mkalimani, na swali hilo la ukoo lilinishika. Katika familia zetu hakuna mwenye disleksia, kwa sababu hakuna aliyewahi kupimwa. Wapo tu waliokuwa «wazito». Nikamkumbuka yule mjomba ambaye mama mkwe humtaja: aliacha shule darasa la nne baada ya viboko vingi, leo ni fundi wa magari ambaye hufungua injini na kuirudisha bila kuandika chochote, na mpaka sasa humpa mkewe simu amsomee ujumbe. Disleksia hurithiwa katika koo. Nilimweleza mtaalamu habari zake zote, naye akaandika kwa muda mrefu.

Vipimo vyenyewe vilifanyika shuleni kwa vipindi vifupi vifupi. Kwanza waliangalia macho na masikio, yakaonekana hayana tatizo. Mwanasaikolojia wa shule alimpa kipimo cha akili kisichotegemea maneno, cha maumbo na mafumbo ya picha, kisha vipimo vya Kiingereza vya kutambua sauti, kusoma maneno na kuandika. Kwa Kiswahili hakuwa na kipimo rasmi, na alinieleza hivyo waziwazi. Alichofanya ni kuketi na mkalimani, akamsikiliza mtoto akisimulia hadithi, akamfanyisha mazoezi ya kutenganisha sauti na silabi, akamwomba asome kurasa za kitabu cha Tanga, na akapitia daftari langu tarehe kwa tarehe. Kama mtoto wako hajui kusoma Kiswahili kwa kuwa hajawahi kufundishwa, hilo halithibitishi kitu. Ndiyo maana inafaa kumfundisha kwa miezi michache na kuandika kinachotokea. Pale ambapo mtoto anazungumza lugha yake vizuri, amefundishwa kwa utaratibu, na bado sauti na herufi hazishikani, hoja ya Kiingereza inakosa mahali pa kusimama.

Ripoti ilisema ana ulemavu mahususi wa kujifunza wa aina ya disleksia, na akili yake, kwa kipimo kile cha picha, ilikuwa juu kidogo ya wastani. Nililia ndani ya gari, sehemu kwa nafuu na sehemu kwa hasira ya miaka iliyopita.

Kinachofuata ripoti ni kikao ambacho Texas hukiita ARD. Hufanyika ndani ya siku 30 za kalenda tangu ripoti ikamilike, na hapo ndipo huamuliwa kama mtoto anastahili elimu maalumu na huandikwa mpango wake, IEP. Nilikuta watu saba mezani: mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwanasaikolojia, mtu wa utawala, mtaalamu wa disleksia, mwakilishi wa kamati ya wanaojifunza Kiingereza na mtunza kumbukumbu, mbali na sauti ya mkalimani kwenye simu. Ukiingia hapo ukiona ripoti kwa mara ya kwanza, hutaelewa chochote. Iombe kwa maandishi siku kadhaa mapema. Nenda na mtu wako pia. Mzazi anaruhusiwa kumleta yeyote anayemjua mtoto, nami nilikwenda na yule mwenzangu wa zamu, ambaye hakusema neno ila aliandika kila kilichosemwa.

Mpango wa kwanza ulikuwa na lengo lililosema mwanafunzi «ataboresha kusoma». Niliuliza ataboresha kutoka wapi hadi wapi, atapimwa na nani na lini, na jibu halikuniridhisha. Hapo nilitumia haki ambayo wengi hawaijui: mzazi asipokubaliana na mpango, kamati humpa nafasi moja ya kuahirisha kikao na kurudi ndani ya siku 10 za masomo. Tuliporudi, lengo lilikuwa na idadi ya maneno kwa dakika, lilitaja mwalimu aliyefunzwa kufundisha watoto wenye disleksia, na lilieleza ni siku zipi na kwa dakika ngapi. Niliomba pia mpango huo kwa Kiswahili. Kwa Kihispania sheria ya Texas inalazimisha tafsiri, iwe ya maandishi au ya sauti. Kwa lugha nyingine kama yetu inaitaka wilaya ifanye juhudi za dhati tu. Nilipata rekodi ya sauti ya mkalimani akiusoma mpango mzima, na mume wangu, ambaye hakuweza kuhudhuria, aliisikiliza yote usiku huo.

Kuhusu gharama, shule haitozi chochote kwa tathmini wala kwa huduma. Zilizotuuma ni saa za kazi nilizokosa bila malipo na usingizi wa mchana uliopotea. Kabla sijajua haki zangu nilikuwa nimeulizia kliniki binafsi, nikatajiwa bei inayozidi dola elfu mbili, na karibu tukope. Kama una fedha hizo na haraka, si vibaya, kwani shule inapaswa kuzingatia ripoti ya nje, ingawa hailazimiki kuifuata. Lakini ukipinga tathmini ambayo shule imefanya, unaweza kuomba tathmini huru kwa gharama ya umma, na shule ni lazima ama ilipie au iombe usikilizwaji rasmi kuthibitisha kwamba tathmini yake inatosha. Wapo watetezi wa kulipwa kwa saa. Kabla hujawalipa, tafuta kituo cha mafunzo na habari kwa wazazi, kwa maana kila jimbo la Marekani lina angalau kimoja kinachofadhiliwa na serikali ya shirikisho, na huduma zake ni bure. Shule ikikataa kabisa kupima, kuna usuluhishi usiolipiwa, na kuna malalamiko ya maandishi kwa idara ya elimu ya jimbo, yanayopaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Malalamiko yaletwe ndani ya mwaka mmoja tangu kosa lilipotokea, kwa hiyo kuendelea kuvumilia kwa adabu kuna gharama yake.

Katikati ya safari hii mwalimu mmoja alitushauri tuache Kiswahili nyumbani ili tumpunguzie mtoto mzigo. Nilimuuliza mwanasaikolojia, naye akasema hakuna msingi wa ushauri huo: Kiswahili ndicho kilichoonyesha akili ya mtoto, na kumnyima ni kumnyima mazungumzo na wazazi wake. Hatukuacha. Kwa kumfundisha kusoma, hata hivyo, tulisimamisha silabi zetu kwa mwaka mmoja ili asivutwe na mifumo miwili kwa wakati mmoja, na uamuzi huo ulikuwa wetu wenyewe. Sijui kama ungemfaa mtoto mwingine.

Sasa yuko darasa la tano. Anasoma polepole, na bado yuko nyuma ya wenzake kwa zaidi ya mwaka, lakini hachani karatasi na Jumatatu tumbo halimuumi. Katika mtihani wa jimbo, STAAR, husomewa maswali kwa sauti, ila kifungu cha somo la kusoma hukisoma mwenyewe, kwa hiyo alama zake za somo hilo bado ni za chini na tumekwisha kumwambia kwamba haziwezi kueleza kila anachokijua. Sheria inataka apimwe upya walau kila baada ya miaka mitatu, na kipimo hicho kinaangukia mwaka anaoingia shule ya kati. Nimeshaandika baruapepe kwa mkurugenzi wa elimu maalumu kuomba kifanyike kabla hajahama, na mkalimani wa Kiswahili awepo. Ninasubiri jibu, na tarehe niliyoituma nimeiandika kwenye daftari.